Ferme za zamani na telefone zetu



Gazeti letu hili linatoka ku stensil, na munajua wenyewe namna picha inavyotoka mule: doa jeusi tu, hata uso wa baba yako hutautambua. Basi leo tunawaandikia juu ya picha pasipo picha. Zile tulizopiga zimebandikwa ku ukuta wa chumba cha vitabu, ziko 11, na kila mutu anaweza kwenda kuziangalia saa ya mapumziko. (Tafazali musiziguse na vidole vya bukari.)

Neno lenyewe ni hili. Mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu toka hapa ku masomo, ukiacha barabara kubwa ya Lubumbashi kwenda Likasi, kuko ferme ya zamani ambayo kila mwanafunzi wa hapa anaijua, hata kama anaijua tu juu ya maembe yake. Kuko nyumba kubwa yenye barza pande tatu, hangari ya mahindi, tangi ya maji juu ya nguzo za matofali, lile shimo refu la simenti ambamo walikuwa wakipitisha ngombe mu dawa ya kupe, na nyuma kabisa mistari miwili ya vyumba vidogo vya watu wa kazi. Mbele ya vakansi kubwa hangari ilikuwa na kuta ine. Tuliporudi mwezi wa tisa ilikuwa na kuta mbili. Vijana walikuwa pale na nyundo na baiskeli, wanatoa tofali moja moja, wanalikwangua udongo, wanapanga ku baiskeli, wanakwenda kuuza. Hatuwashitaki. Tofali la zamani ni gumu kuliko la leo, na mutu mwenye njaa haangalii historia. Lakini tulisimama pale na telefone zetu mufukoni, na mumoja wetu akauliza: Ni nani kati yetu aliye na picha ya hangari ikiwa nzima? Tukatafuta. Tulikuwa na picha nyingi za siku za maembe: sisi juu ya muti, sisi ku barza, sisi tunacheka. Katika moja, nyuma ya kichwa cha mwenzetu, inaonekana pembe ya paa la hangari. Hakuna nyingine.

Juu ya hiyo tunaandika. Mawazo yetu ni kwamba wanafunzi wa masomo haya, wale walio na telefone ya kupiga picha na wale wanaoweza kuazima ya mukubwa wao, waanze kupiga picha za ferme za zamani na za pori linalozizunguka, hapa karibu, pahali tunapofika kwa miguu na kurudi mbele ya chakula cha mangaribi. Tunajipiga picha sisi wenyewe kila siku, mbele ya gari la mutu mwingine, mbele ya duka tusiloweza kuingia. Ile nayo ni furaha, hatuikatazi. Lakini kati ya picha mia za telefone moja, tuliona picha tatu tu ambazo mutu asiyetujua anaweza kuziangalia na kujua tunaishi wapi.

Tulipoleta wazo hili mu mukutano wa darasa, kukawa fujo. Ndugu mumoja wa darasa la sita alisimama akasema: “Zile ni nyumba za wazungu. Babu zetu walipigwa fimbo mule. Sasa munataka tuzipige picha kama vile kanisa?” Akapata makofi mengi, na alikuwa na haki ya kuyapata. Hatuwezi kumujibu kwa neno moja.

Tukumbuke namna ferme hizi zilivyotokea. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mu 1910, na kule migodini watu walihitaji unga, nyama na mboga. Mu 1911 Edmond Leplae, mukubwa wa kazi za ulimaji katika wizara ya makoloni ya Ubelgiji, aliongoza ujumbe wa ulimaji huku Katanga, na serkali yao ikaleta familia za walimaji wa Kibelgiji kusudi wakae, walime, wazae wana kama ni kwao. Wengi walishindwa upesi. Udongo haukuwa ule waliozoea, ngombe walikufa, na unga mwingi wa migodi ukaendelea kutoka Rhodesia ya kaskazini, ni kusema Zambia ya leo. Kiisha wakaja wengine, Wabelgiji, Waitalia, Wagiriki, na wengine kati yao wakadumu. Lakini kila konsesio ilikatwa ndani ya inchi iliyokuwa na wenyewe, na mikono iliyolima haikuwa ya yule aliyeandikwa ku hati. Ni huyu Leplae tena ambaye chini yake, mu 1917, serkali ya koloni ilianza kulazimisha watu wa vijiji kulima mimea iliyochaguliwa na wakubwa. Basi ndugu yetu wa darasa la sita hakudanganya.

Lakini hebu tuulize: kama kuta zile zikianguka zote, ni nani atakayepata faida? Wenye nyumba walikwenda zamani, na picha zao walikwenda nazo. Mule picha zao, muzungu anakaa ku kiti mu barza, imbwa wake miguuni, na mupishi anasimama pembeni, nusu ya mwili imekatwa. Zile picha hazitaanguka. Zinakaa mu maalbamu na mu majumba ya makumbusho, mu kabati kavu. Kinachoanguka ni vyumba vya nyuma, na vile hakuna mutu aliyevipiga picha sana. Ukiacha kuvipiga picha kwa sababu ya fimbo, unamaliza kazi ya yule aliyeshika fimbo.

Tena sisi si wa kwanza kuwaza hivi, hapa hapa Katanga. Mu 1965 chama cha watumishi wa nyumbani pale Elisabethville kilikuwa na kitabu chao, kilichoandikwa kwa Kiswahili cha muji na André Yav, juu ya maisha ya maboi na ya muji wenyewe toka mwanzo. Ni kitabu kilichopigwa ku mashine kama gazeti hili letu, hakikuwa na jalada la dahabu, na leo wataalamu wa inchi za mbali wanakisoma. Wachoraji wetu nao walifanya kazi ile kwa rangi: Tshibumba Kanda Matulu, mu miaka ya 1973 na 1974, alichora historia yote ya inchi ku vitambaa zaidi ya 100, hata mambo yasiyokuwa na picha hata moja. Na Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa mu 1978, alipiga picha za majengo mabovu ya Gécamines, kiisha akaweka juu yake watu wa kazi wa zamani aliowatoa mu picha za Union Minière. Ile kazi anaiita “Mémoire”, ya 2006. Unaona kiwanda cha leo chenye kutu, na mbele yake wanaume wa zamani wamesimama wanakuangalia. Tena alirudilia picha za msafara wa Charles Lemaire, aliyepita Katanga toka 1898 mpaka 1900 na mupiga picha mumoja na muchoraji mumoja. Tunasema hivi kusudi wale wanaofikiri kwamba kupiga picha ukuta uliovunjika ni muchezo wa watoto wajue kwamba kuko mutu wa kwetu aliyefika nayo mbali.

Lakini yeye alishika viwanda. Ferme, ni nani aliyezishika?

Sasa tuseme yaliyotupata, na makosa yetu pia. Mara ya kwanza tulikwenda watano, siku ya posho, asubui. Tulipiga nyumba kubwa, tukapiga tangi, tukaingia mu kambi ya nyuma tukaanza kupiga vyumba. Kumbe vyumba vitatu viko na watu. Mama mumoja akatoka na mwiko mukononi: “Bana bangu, iko nyumba yangu ile. Munapiga picha ya nguo zangu ku kamba, mulinisalimia?” Tulipata haya mpaka leo. Hatukumusalimia kweli. Tuliona tofali, hatukuona mutu, na hivi ndivyo walivyofanya wale tunaowalaumu. Tulifuta picha zile mbele yake, tukaomba ruhusa, na yeye mwenyewe akatutuma kwa muzee anayekaa chumba cha mwisho.

Muzee yule alianza kazi pale akiwa kijana, miaka miwili mbele ya uhuru, kwanza kufua, kiisha jikoni. Tulimwonyesha picha ku telefone. Akaishika mbali na macho, akaanza kusema majina. Muti huu, pale alikaa kapita. Shimo hili, ngombe walikuwa wakiogopa harufu, wanapiga kelele, na watoto wanakuja kucheka. Akatuonyesha mwembe wenye alama ya chuma ndani ya tawi, tuliyopita chini yake mara mia: “Hapa njo kulikuwa reli. Saa kumi na moja ya asubui kapita anapiga: nge, nge, nge. Ukichelewa, poso ya juma inakatwa.” Ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kama kengele. Reli yenyewe haiko tena, waliiuza. Waya ulioishika umebaki, muti umeumeza. Ile ndiyo picha namba 4 ku ukuta, na wengi waliopita mbele yake walituuliza sababu gani tumepiga tawi.

Tulitaka kumupiga picha yeye ku barza ya nyumba kubwa, katika kiti, kusudi tugeuze mambo. Tuliona ni wazo zuri sana. Akakataa. Akasema pale si pake, hakukaa pale hata siku moja, na mutu akimwona kule atafikiri ni muzee mwingine. Akakwenda mwenyewe kusimama ku mulango wa jiko, mukono mumoja ku ukuta mweusi wa moshi. Ile ni namba 7.

Alituambia pia namna mambo yalivyokwenda. Mu mwaka wa 1973, kisha maneno ya Mobutu ya tarehe 30 mwezi wa 11, ferme ilitolewa kwa mwananchi mumoja toka mbali. Huyo aliuza ngombe, kiisha mashine ya kusaga, kiisha hakurudi tena. Watu wa kazi walibaki, kwani waende wapi? Walilima kwa ajili yao wenyewe, walizika wazee wao nyuma ya kambi, watoto wao wakazaa. Ferme nyingi za inchi zilikuwa na hadisi ya namna hiyo.

Na hapa kuko jambo lenye uzito kuliko haya yote. Munajua kwamba kwa sheria Bakajika ya 1966 na sheria ya udongo ya 1973, udongo wa Kongo ni wa Serkali, na mutu anapata konsesio tu. Konsesio za zamani zinatoka mukono kwa mukono. Siku hizi kuko mutu anayesema amenunua ile ya hapa, na alikuja na karatasi na watu wa kupima. Walisema kwa sauti, watu wa kambi wakasikia, kwamba pahali pale ni pori, hapakukaa watu. Hatujui karatasi zake, wala hatusemi ni za uwongo. Si kazi ya wanafunzi kukata maneno. Lakini kuna milango 14 ku kila musitari wa kambi, tuliihesabu. Kuko makaburi. Kuko miembe iliyopandwa na mukono wa mutu, kwani miembe haipandwi na pori. Na juma kwa juma vijana wa baiskeli wanapunguza milango. Siku itakapofika milango yote imekwenda ku kuta za muji, yule mwenye kusema “pori” atakuwa anasema kweli.

Picha si hati. Hatutaki kudanganya wazee wa kambi kwamba picha zetu 11 zitawashindia. Lakini picha yenye tarehe, yenye jina la pahali, na muzee amesimama mbele ya mulango wake, ni kitu kinachoweza kuwekwa juu ya meza kando ya karatasi. Tuliwaachia nakala, wakaziweka pamoja na karatasi zao ndani ya Biblia ya mama yule wa mwiko.

Kuna wengine waliotuambia: Munatupatisha haya, inchi za mbali zitaona tu kwamba tuko mu mabomoko. Hao tunawajibu kwa ufupi. Picha hizi si za inchi za mbali. Ziko ku ukuta wa chumba cha vitabu, kando ya dirisha lenye kioo kilichopasuka.

Sasa kwa wale wanaotaka kuanza. Musifuate sana uzuri, lakini musiukatae. Asubui saa kumi na mbili na nusu, na muchana kisha saa kumi, jua linapita chini na kila tofali linapata kivuli chake. Saa sita ukuta unakuwa kama karatasi. Mwezi wa saba na wa nane majani yamekauka ao yamechomwa, unaona jengo lote toka mbali, lakini moshi wa pori unafunika milima. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi, mbele ya mvua, miti ya pori inatoa majani mapya mekundu, na paa la mabati lenye kutu linafanana nayo. Ni wakati tunaopenda kuliko wote. Mwezi wa kwanza usijisumbue: majani yanapita kichwa cha mutu, na nyoka nao hawapendi wapiga picha.

Pahali pa kusimama ndipo penye kazi. Pigeni kwanza toka mbali, pamoja na kilima na njia, kusudi ijulikane jengo liko wapi. Kiisha karibu. Kiisha kitu kidogo: bawaba, alama ya vidole ndani ya tofali, namba iliyopakwa juu ya mulango. Mutu mumoja asimame kando ya ukuta kusudi urefu uonekane. Na tafuteni kichuguu. Tunasema kweli. Karibu na kila ferme ya zamani huku kwetu kuko kichuguu kikubwa kilichokatwa upande mumoja kama mukate, kwa maana matofali yalifyatuliwa na udongo wa vichuguu, na yakachomwa na kuni za pori lile lile. Vichuguu vya Katanga vingine vinapita meta 5 kwenda juu. Ukipiga nyumba pamoja na kichuguu chake, umepiga mama na mwana. Ya kwetu ni namba 9. Pori lililochoma matofali yale lilirudi, miti ya musuku na mupundu ikakua tena, na sasa inakwenda mu makala. Ukisimama juu ya kichuguu unaona matanuru matatu yanatoa moshi, na nyuma yao hewa tupu. Tulipiga na hiyo.

Salimia kwanza. Omba ruhusa kwa wenye kukaa pale, na kwa shefu wa kijiji kama ni mbali. Musipige waaskari, wala daraja, wala mugodi, hata kama jua ni zuri namna gani. Telefone itakwenda na haitarudi. Na maneno yaandikwe siku ile ile. Kosa letu la pili lilikuwa hili: picha za matembezi ya pili hatukuandika, na sasa tuna mulango mumoja ambao watu wanne tulioupiga tunabishana uko musitari gani. Telefone inaanguka mu maji, inaibiwa, inajaa. Kwa hiyo tuliunga feza, tukatosha picha 11 ku karatasi kwa mupiga foto wa muji, na nyuma ya kila moja tuliandika na kalamu ya risasi: pahali, siku, jina la aliyesimama, jina la aliyetuambia maneno. Majina hatuyaweki mu gazeti hili, munajua sababu.

Siku ya posho kisha mitihani ya kipindi tunarudi tena. Ukuta wa tatu wa hangari labda utakuwa umekwenda. Tunampelekea muzee namba 7, kwani ile nakala ya kwanza, mutoto wake aliyekuja toka Kolwezi aliipenda, akaondoka nayo. Tunatoka saa kumi na moja na nusu ya asubui mbele ya bendera. Mwenye telefone aijaze moto usiku. Asiye na telefone alete kalamu ya risasi na daftari, kwani sasa tuko na wapiga picha tisa na mwandishi mumoja tu.

Sisi wa darasa la tano